Matandiko ya Nyoka wa Sjef

Shangazi Mieke,

Nakusoma kila wiki kwenye gazeti la bure linaloletwa mlangoni, na mara nyingi nimetikisa kichwa nikisema huyu naye, mtu mzima mwenye akili zake, amejiingizaje kwenye jambo kama hili, na leo anayeandika ni mimi, kwa hiyo naomba unisaidie, na kama msaada huna basi unisome tu mpaka mwisho, maana sina mtu mwingine wa kumwambia na kifua kimejaa. Majina nimeyabadilisha, na langu pia. Niite Corrie.

Mimi ni mjane. Naishi kwenye jengo la ghorofa hapa hapa Brabant, kusini mwa Uholanzi, tangu nilipoolewa, mume wangu Harrie ndiye aliyekuwa mwangalizi wa jengo mpaka alipofariki, na watoto wana maisha yao. Kwenye korido yetu tuko watatu: mimi, Sjef ambaye ni dereva wa basi, mwanamume wa makamo asiye na mke, mcheshi, na Halina, dada wa Kipolandi anayefanya kazi kwenye mabanda ya nyanya, anaondoka asubuhi na baiskeli na kurudi jioni amechoka, hana maneno mengi.

Sjef anafuga nyoka. Usishtuke, Shangazi, hawana sumu, ni wale wanaoitwa nyoka wa mahindi, wekundu wekundu, wapole, wanakaa kwenye makabati ya kioo yenye taa za joto, na mkubwa wao alikuwa jike mzee anayeitwa Saar. Saar hakuwa wa Sjef. Alikuwa wa kaka yake, Toon, aliyefariki kwa saratani, na kitandani Toon alimwambia, "Nguo zangu gawa, gari uza, Saar usimpe mtu." Na Sjef hakumpa mtu.

Zamani aliwatandikia nyoka wake maranda ya mbao, lakini vumbi lilimkaba kifua, akawa anakohoa mpaka mimi namsikia ukutani, basi mtu mmoja akamshauri atumie bangi. Naomba nieleze hapa, kwa sababu ndipo kila kitu kilipoanzia. Kwetu neno ni moja tu, mmea wa kuvuta na mmea wa kutengenezea kamba tunauita jina lile lile, na huu wa kamba haulevyi hata ukila gunia zima, mabua yake yanakatwakatwa chembe ndogo kama kucha, nyepesi, rangi ya nyasi kavu, na watu wenye farasi huzimwaga zizini. Yanauzwa dukani, kwenye magunia ya plastiki, na neno limeandikwa juu kwa herufi kubwa.

Mimi nilijua hayo. Nilijua kwa sababu Sjef aliniita siku ile ile alipoleta gunia la kwanza.

"Bi Corrie, ingiza mkono uone."

"Niingize mkono kwenye bangi, na umri huu?"

"Hii ukiivuta utapata kikohozi tu," akasema, "na mimi ndicho ninachokikimbia."

Nikaingiza mkono. Ni laini, haichomi, haina vumbi. Akanionyesha jinsi Saar alivyokuwa anajichimbia ndani mpaka kikabaki kichwa tu juu, akaniambia inafyonza mkojo na harufu haitoki, ila kibaya chake ni kwamba nyoka anaweza kumeza chembe pamoja na panya, kwa hiyo kila akiwalisha huwahamishia kwanza kwenye sanduku tupu. Nilicheka sana siku ile. Nilirudi kwangu na chembe mbili tatu kwenye kikoti, na jioni nilimpigia binti yangu simu nikamsimulia.

Kwa hiyo nisije nikakudanganya kwamba sikujua.

Sasa, Harrie alipokufa shirika la nyumba halikuleta mwangalizi mwingine, linatuma kampuni ya usafi mara moja moja, na mimi nikaendelea kufagia korido na lifti, hakuna aliyeniomba, nilijisikia tu kwamba nikiacha, Harrie atakuwa amekufa kabisa. Sjef alikuwa akipandisha magunia na kushusha matandiko machafu kwenye mifuko, na chembe zinamwagika, na mimi nazifagia, leo nafagia, kesho zipo tena, mpaka siku moja nikamkuta chini kwenye masanduku ya barua, Ad wa ghorofa ya kwanza akiwepo na wengine wamerudi sokoni, nikamwambia mbele ya wote, "Sjef, lifti siyo zizi."

Nadhani nilisema kwa ukali kuliko nilivyotaka. Naye akacheka, akasema, "Bi Corrie, mwangalizi alikuwa Harrie. Wewe umerithi ufagio tu."

Wakacheka wote. Ad alicheka mpaka akashika ukuta. Hata mimi nilitabasamu, Shangazi, kwa sababu ungefanya nini, na nikapanda juu kwa ngazi ili nisipande nao lifti, na usiku kucha neno lile lilikuwa linazunguka kichwani, umerithi ufagio tu, umerithi ufagio tu.

Asubuhi yake nilipiga ile simu ya siri ya kuripoti uhalifu, ambayo hawakuulizi jina. Unajua ulivyo mkoa wetu, watu wanalima bangi ya kuvuta kwenye dari na vyumba vya kulala, mwaka juzi jengo la pili kutoka letu liliungua kwa sababu ya nyaya za kuiba umeme, kila mtu ana hofu, na shirika la nyumba limetuma vipeperushi likisema tukiona taa zinawaka mchana kutwa, mapazia yaliyofungwa, joto ukutani, tutoe taarifa. Basi nikawaambia kuna taa zinawaka mchana kutwa, mapazia yamefungwa, ukuta wangu una joto, na magunia yanapandishwa.

Yule mama wa kwenye simu akaniuliza, "Magunia ya nini, unajua?"

"Ya bangi," nikasema.

"Una uhakika?"

"Nimesoma kwa macho yangu. Imeandikwa juu."

Kila neno nililolisema lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Nyoka sikuwataja. Nilijiambia watakuja, watagonga, watamkuta na nyoka wake, watacheka, na Sjef naye ataona haya kidogo mbele ya majirani kama nilivyoona mimi, kisha tutakuwa sawasawa. Ndivyo nilivyojiambia, nikaosha kikombe changu, nikaenda sokoni kununua samaki.

Walikuja wakati Sjef yuko barabarani na basi. Walivunja mlango. Niliwaangalia kupitia tundu la mlango wangu na kuwasikia kupitia ukuta, polisi, mtu wa shirika la nyumba na mtu wa umeme, na ilikuwa siku za baridi kali kabla ya sherehe za kanivali. Mtu wa umeme aliona nyaya zote zile za taa akazima umeme wa nyumba nzima mpaka zikaguliwe. Magunia yakapasuliwa, na droo za makabati zikavutwa, matandiko yakamwagwa sakafuni chungu chungu ili waone kuna nini chini yake. Nikasikia mtu anapiga kelele, "Kuna nyoka humu!" kisha viatu vinakimbia, kisha wengine wakacheka, kisha wakaja kuweka kitasa cha muda mlangoni na karatasi ya kumwambia apige simu. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamekuja kutafuta kile nilichowaambia kipo.

Nilikuwa nyumbani kwangu muda wote huo, Shangazi, ninajua kwamba nyoka wakikosa joto wanakufa, na sikutoka.

Sjef alirudi jioni na sare yake ya kazi, hakupiga kelele, alisimama tu mlangoni. Nami nikafungua mlango wangu kama mtu anayesikia jambo kwa mara ya kwanza. "Bi Corrie," akasema, "nisaidie kutafuta. Wametoka wote." Nikachukua tochi ya Harrie nikaingia. Sakafu nzima ilikuwa bangi ile kavu, tukapiga magoti ndani yake, inanata kwenye soksi zangu za nailoni, tunapapasa chini ya kochi na nyuma ya jokofu, na mmoja mmoja akawapata wale wadogo, wamejikunja, wabaridi lakini hai, akawa anawatia ndani ya shati lake, kifuani, ili wapate joto la mwili wake.

Saar nilimpata mimi. Alikuwa amejisogeza nyuma ya mashine ya kufulia, amejinyoosha, na nilipomshika nilijua. Sjef alikaa chini pale pale, akamweka mapajani, akasema, "Toon atanielewa kweli?" Akalia kama mtoto, mwanamume mzima, na wale wengine wanamtembea ndani ya shati. Halafu akanikumbatia. Akaniambia, "Watu wote wa jengo hili wamesimama korido wanaangalia. Wewe peke yako umeingia. Sitakusahau, Bi Corrie."

Na mimi nilimpigapiga mgongoni. Nilisema, "Pole, mwanangu, pole." Mkono ule ule ulioshika simu.

Ningeandika hapa kwamba hilo ndilo baya kuliko yote, lakini bado.

Wiki iliyofuata tulikuwa kwenye ukumbi wa chini tukitengeneza nguo za kanivali, bia ipo, mikate ya soseji ipo, mimi nashona kiraka kwenye joho la Ad, na gumzo lilikuwa moja tu, nani alipiga simu. Kila mtu alikumbuka kwamba Halina aliwahi kumkuta Sjef kwenye lifti akimpeleka nyoka kwa daktari wa mifugo, mfuko ukatikisika, akapiga yowe na kusema kwa Kiholanzi chake cha kuvunjika, "Mimi naita polisi!" Tulicheka siku ile. Sasa hakuna aliyecheka. Ad akanigeukia akasema, "Corrie, wewe na yeye mnatazamana milango. Ni yule Mpolandi, sivyo?"

Wote waligeuka kunisikiliza. Sindano ilikuwa mkononi mwangu.

Nikasema, "Labda."

Neno moja, Shangazi Mieke. Na Ad akasema, "Basi. Corrie hasemi kitu bila sababu."

Tangu siku hiyo Halina hasalimiwi. Akija kwenye lifti mlango unafungwa. Vifurushi vyake hakuna anayempokelea, vinarudishwa posta. Baiskeli yake imetobolewa gurudumu, akatembea kwa miguu kwenda kwenye mabanda ya nyanya kwenye barafu. Mtu alimjazia chembe za bangi kwenye sanduku lake la barua na nyoka wa mpira juu yake, nami nilimwona anazikomba kwa kiganja, taratibu, anaweka kwenye mfuko, hata sakafuni hakumwaga. Na Sjef, mtu ambaye humsalimia hata mbwa, anapishana naye kama anapishana na ukuta.

Juzi amegonga kwangu. Alisimama nje, hakutaka kuingia. "Bi Corrie, wewe mtu mzima, niambie," akasema. "Mimi nimewakosea nini?"

"Sijui, mpenzi," nikasema.

"Nikijua nitaomba msamaha. Lakini lazima nijue kwanza."

"Sijui," nikasema tena.

Akaniambia anatafuta chumba mji mwingine, mbali na kazi, lakini atahama tu. Akanishukuru. Akanishukuru, Shangazi, kwa sababu nilifungua mlango.

Binti yangu nimemwambia, ni yeye peke yake, akasema, "Mama, nyamaza. Huyo atahama, Sjef atapata nyoka mwingine, watu watasahau. Ukisema utaishi na nani humo?" Na ni kweli, Halina ni kijana, anaweza kuanza popote, mimi nina umri huu na jengo hili ndilo maisha yangu yote. Nimefikiria kumnunulia Sjef magunia ya matandiko mapya, yale mazuri, nimwachie mlangoni bila jina. Nimefikiria kumlipia Halina gari la kuhamisha vitu. Nimefikiria mengi. Usingizi sina, chakula hakipiti, na kila Sjef akiniita "mama yangu wa korido" natamani sakafu ipasuke.

Niambie, je, mtu hawezi kuubeba ubaya wake kimya kimya, akatenda wema pembeni, ikatosha?

Corrie

*

Corrie,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Sasa na wewe nisome mpaka mwisho, hata pale utakapotaka kulikunja gazeti.

Haitoshi.

Pole kwa Harrie, na pole kwa siku ile ya masanduku ya barua. Sjef alikuumiza, tena mbele ya watu, na mjane anayefagia korido ya mumewe hastahili kuchekwa. Ningekuwepo ningemwambia hivyo usoni. Lakini umeniandikia habari ya ufagio kwa maneno mengi kuliko habari ya gurudumu la Halina, na naomba uitazame barua yako tena uone unamhurumia nani.

Wewe hukukosea kwa kutojua, Corrie. Mtu anayekosea hivyo ni yule anayeona gunia, anasoma neno, anaogopa. Wewe uliingiza mkono ndani ya gunia. Ulijua ni matandiko, ulijua taa ni za nini, ulijua ukuta una joto kwa sababu gani. Umeliandika mwenyewe kwa mkono wako, nami nakuheshimu kwa hilo, maana wengi wanaoniandikia huwa wamejipaka rangi kabla ya kufika ukurasa wa pili. Lakini ukishasema "nilijua", usirudi nyuma ukaanza kuniuliza kama kunyamaza kunaruhusiwa.

Simu uliipiga ukiwa na hasira. Hasira naielewa. "Labda" uliitamka ukiwa umetulia, sindano mkononi, bia mezani. Hiyo siielewi, na nadhani hata wewe huielewi, ndiyo maana hulali.

Unasema Halina ni kijana, ataanza popote. Nani aliyekupa ruhusa ya kupanga maisha yake? Amekuja nchi ya watu, anachuma nyanya tunazokula mimi na wewe, ana mlango mmoja tu duniani wa kufungua kwa ufunguo wake, na huo nao unamnyang'anya ili wewe uendelee kuitwa mama wa korido. Binti yako anakupenda, anakushauri vibaya. Mwambie nimesema hivyo.

Sikiliza utakachofanya.

Anza na Halina, siyo Sjef. Najua moyo wako unakupeleka kwa Sjef kwa sababu ndiye unayemwonea haya zaidi, lakini Saar ameshakufa na Halina anaumizwa kila siku unapokunywa kahawa yako. Nenda akishatoka kazini, akishakula. Usiende na maua wala keki. Sema hivi: "Aliyepiga simu ni mimi. Waliponiuliza kama ni wewe, nilisema labda, nikijua siyo wewe." Kisha funga mdomo. Usimweleze habari za lifti, hazimhusu. Usilie, kwa sababu ukilia atalazimika kukubembeleza, na amekwisha kukushukuru mara moja bila sababu, inatosha. Akisema ondoka, ondoka. Akitaka uyaseme hayo mahali fulani au mbele ya watu fulani, kayaseme.

Siku hiyo hiyo, kabla hujalala, gonga kwa Sjef. Asije akasikia kwa Ad. Mwambie ulipiga simu, mwambie ulijua ni matandiko. Hilo la pili usilimeze. Litamkata zaidi ya lile la kwanza, na ndiyo maana ana haki nalo. Na yale magunia unayotaka kumnunulia yaache dukani. Ukifika na gunia mkononi hatasikia maneno yako, ataona unakuja kulipa na kuondoka. Siku akitaka msaada wako atakuambia mwenyewe, na asipotaka, hilo nalo ni jibu.

Halafu shuka kwa Ad na wenzake. Walikuuliza hadharani, wajibu hadharani. Waambie na la gurudumu la baiskeli, kwamba aliyelitoboa alipe. Wao nao wasijifiche nyuma yako, kwa sababu hakuna aliyewalazimisha kumhukumu mtu kwa neno moja la bibi anayeshona.

Usiwaombe wakusamehe. Kuomba msamaha ni kuwaomba wakufanyie kitu, nao hawana deni kwako. Waambie ukweli, kaa nao, na kama watakukasirikia, wakasirike kwa raha zao.

Na ukishamaliza yote hayo, kula. Supu ya njegere, mkate, kitu cha moto. Kwa mtu wa umri wetu aibu ni nzito, lakini hakuna aliyekufa kwa kuibeba akiwa ameshiba.

Shangazi Mieke

*

Wasomaji wangu, jibu hili nilimpelekea Corrie kwa posta kabla ya kulichapisha, maana Halina alikuwa anatafuta chumba na gazeti letu halina haraka. Wiki hii amenipigia simu, na amenipa ruhusa niandike yaliyotokea.

Alikwenda kwa Halina. Alisema maneno yote mawili akiwa amesimama kwenye mkeka wa mlangoni. Halina akasema, "Nilikuuliza, Bi Corrie. Nilikuuliza na ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Utasema chini. Watu wakiwepo. Na mimi nitakuwepo, nitasimama karibu yako nione nyuso zao."

Sjef alimsikiliza bila kukatiza. Aliuliza swali moja tu: "Siku ile tunatafuta, ulipompata Saar, ulikuwa unajua kwamba ni wewe uliyewaita?" Corrie akasema ndiyo. Sjef akafunga mlango polepole, bila kuubamiza, na Corrie anasema afadhali angeubamiza. Mpaka leo hajamwambia neno.

Jumamosi alishuka ukumbini. Halina alisimama pembeni yake na koti lake la kazi. Corrie anasema alipomaliza kuzungumza hakuna aliyemwangalia yeye, wote walikuwa wanamwangalia Halina, na nyuso zilikuwa nyekundu. Ad alianza kusema, "Lakini sisi tulidhani," na Halina akamwambia, "Ndiyo. Nyinyi mlidhani." Ad akatengeneza gurudumu kwa mikono yake mwenyewe mchana ule ule, kwenye baridi, na hajasema ni nani aliyelitoboa, na sidhani kuna haja ya kuuliza.

Halina hajaamua kama atahama. Anasema ataamua akiwa anapenda kuhama, siyo akiwa anafukuzwa. Kwa sasa majirani wanampokelea vifurushi, tena kwa ushindani kidogo, jambo ambalo Corrie anasema linamchekesha Halina kuliko mtu yeyote.

Na Corrie? Nilimuuliza anaendeleaje. Akaniambia jengo zima limemnunia, mlango wa lifti unafungwa akiwa hatua chache tu, mezani ukumbini kiti cha pembeni yake hakikaliwi.

"Unalala?" nikamuuliza.

"Nalala, Shangazi," akasema. "Asiyesalimiwa sasa ni mimi, na ndiye mtu anayestahili."